Mti Haunyanyui Msumari

Walisema sitaotesha hata kijiti cha kuchokonolea meno. Kila mmoja alilisema kwa namna yake, lakini maana ilikuwa moja. Baba mdogo alisema uwanda wetu wa Ufipa Mungu aliuumba kwa ajili ya upepo, na kwamba miti kama ingetaka kukaa hapa ingekuja yenyewe, isingesubiri mtoto wa kaka yake apate stashahada. Shangazi alisema nimekonda. Mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Chanji mjini, mtu wa Mbeya anayeuza vifaa vya ujenzi, alisema kwao watu hupanda miti bila kusomea kama wanavyokula bila kusomea, akauliza chuo kilinifundisha nini miaka yote hiyo, kushika jembe?

Kilinifundisha mengi. Nilisoma misitu hadi stashahada, na ada nililipa mwenyewe kwa kubeba mbao kwenye kiwanda cha kupasua magogo huko Iringa. Bega langu la kulia mpaka leo liko chini kuliko la kushoto. Hakukuwa na mjomba wala mfadhili. Nawajua watu waliosomeshwa na ukoo mzima wakarudi hawawezi kutofautisha mkaratusi na nguzo ya umeme. Mimi nipe banzi, nifumbe macho, ninuse, nitakwambia ni la mti gani na fundi aliyelipasua alikuwa na haraka kiasi gani.

Basi nikarudi kijijini kwetu, nje kidogo ya Sumbawanga, nikiwa na sanduku moja na mbegu za msindano kwenye mfuko wa koti. Nilikuwa na kila kitu isipokuwa ardhi, maji, vyombo na mtu wa kuniamini. Hivyo vyote niliviazima.

Ardhi niliazima kwa baba mdogo. Alikuwa na kilima kitupu ambacho mbuzi wake walikitumia kama sebule. Alinipa mbele ya kikao cha ukoo, kwa masharti ambayo aliyatamka polepole ili yasipotee.

"Siku utakayowarudishia wote waliokuazima," alisema, "na mimi ukanipaulia nyumba kwa mbao zilizotoka juu ya kilima hiki, kilima ni chako na cha watoto wako. Ukishindwa, mbuzi wangu wanarudi. Na wewe ndiye utakayewachunga."

Watu walicheka sana. Mmoja akasema mbuzi hao watakuwa wa kwanza mkoani kuchungwa na msomi. Mimi sikucheka. Kilima kile ndicho peke yake kilichokuwa kimesimama kati yangu na maisha ya kukimbizana na madume ya mbuzi huku cheti changu kikiliwa na mchwa.

Pipa la maji nilipewa na shangazi, dada yake marehemu baba, aliyetaka kunionea huruma hadharani. Toroli nilipewa na yule mfanyabiashara wa Chanji, ambaye alisema ananipa ili apate cha kuwahadithia wateja. Na rafiki yangu wa shule, mvuvi wa Kirando kule ziwani, alinitumia nyavu chakavu za dagaa za kufunika kitalu ili kuku wasichakure mbegu. Nyavu zilifanya kazi vizuri dhidi ya kuku. Tatizo ni kwamba zilikuwa bado zinanukia dagaa, na ndani ya wiki moja paka wa kijiji kizima walihamia kitaluni kwangu. Walilala juu ya nyavu wakilamba nyuzi, macho yamefumba kama watu walio kanisani. Panya hawakuthubutu kusogea, na hakuna mbegu yangu hata moja iliyoliwa. Watu huniuliza kama nilipanga hivyo. Huwa nawajibu kwamba msomi hupanga mengi ambayo hasemi.

Miche ikaota. Mvua zilipokolea tukaihamishia kilimani, mistari iliyonyooka kwa kamba, nafasi sawasawa kama kitabu kinavyotaka. Kuelekea mwisho wa mvua nyasi zilikuwa zimeifikia miche na kuipita, ikabidi nifanye palizi. Peke yangu nisingeweza. Shangazi akapika pombe ya ulezi, tukawaita majirani kwa kazi ya kusaidiana, ile ambayo malipo yake yapo kwenye mtungi. Maagizo yangu yalikuwa wazi, na nayarudia hapa ili nihukumiwe kwa haki: ondoeni nyasi zote, acheni miti. Halafu nikaenda mjini kutia cheti changu kwenye fremu ya kioo, kwa sababu kilianza kujikunja pembeni na sikupenda.

Sasa, Mfipa haondoi nyasi kama watu wengine. Watu wengine hufyeka wakatupa. Mfipa hukusanya nyasi mahali pamoja, akazifunika kwa udongo aliopindua, likatokea tuta la mviringo lililotuna vizuri, ndilo tunaloliita ntumba. Ndani nyasi zinaoza, na msimu unaofuata tuta linalisha mazao. Wazee wetu walifanya hivyo kabla mbolea ya mifuko haijazaliwa. Mpe Mfipa jembe na uwanja wenye nyasi, mikono yake itatengeneza ntumba hata kama yeye mwenyewe anawaza mambo mengine.

Nilirudi alasiri, fremu kwapani. Kilima kizima kilikuwa kimejaa ntumba kuanzia chini hadi kileleni, nzuri, za duara, zimepangana mpaka ungetamani kuzipiga picha. Watu walikuwa wamekaa chini wakinywa, na waliponiona wakanipigia makofi. Nilidhani makofi ni ya fremu.

"Shangazi, shikamoo," nikasema. "Miti iko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Ulisema tuache miti," akajibu, akifuta povu mdomoni. "Tungeiacha. Hatukuona hata mmoja."

"Ile midogo, ya kijani, yenye majani membamba. Imesimama kwa mistari."

Shangazi aligeuka akakitazama kilima. "Zile nyasi?" akasema. "Maana nilishangaa. Nikawaambia wenzangu, nyasi za huku zina adabu, zimejipanga zenyewe."

Lazima niwatetee kidogo. Aina ya msindano niliyopanda, ikiwa changa, ina majani marefu laini yanayoinama, na mtu ambaye hajakaa darasani anaweza kuidhani ni nyasi iliyokula vizuri. Lakini wakati ule sikuwa na moyo wa kumtetea mtu. Baba mdogo alikuwa amesimama pembeni, ameegemea fimbo, na nyuma yake mbuzi walikuwa wamepanga foleni kana kwamba wameitwa.

Nilivua koti. Cheti nikakisimamisha juu ya jiwe, uso wake ukiangalia kilima, kishuhudie. Nikawaambia watu kwamba mti hauna moyo wa kuku, haufi kwa sababu umefunikwa nusu siku. Mti hukua kwa ncha zake: ncha ya juu kabisa inayotafuta jua, na ncha za mizizi zinazotafuta maji. Kama ncha ya juu haijavunjika na mizizi haijakauka, mche bado ni mzima, ndani mule umejilaza tu. Tufukue kwa mikono, nikasema, majembe yawekwe mbali, na pombe pia.

Wakafukua. Lazima nikiri kwamba watu waliokunywa hufukua kwa moyo mkunjufu. Shida ilikuwa kutambua. Mimi nikakaa katikati, wao wakawa wananiletea walichokipata kiganjani, na mimi nikawa natoa hukumu.

"Huu ni mti?"

"Nyasi."

"Na huu?"

"Nyasi. Huo mti, upumzishe hapo. Hizo nyasi. Hicho ni kitunguu, umekitoa wapi?"

"Nimekuja nacho," akasema yule bwana, akakirudisha mfukoni.

Hadi jua linaelekea kuzama tulikuwa tumeokoa miche mingi, ingawa si yote. Mashimo ya zamani yalikuwa yameshafunikwa, hivyo nikaamua, na uamuzi ulikuwa wangu peke yangu, tuipande juu ya ntumba zenyewe, mmoja kila tuta. Nilikuwa nimeshapiga hesabu kichwani: nyasi zinaoza chini, mizizi inashuka kwenye udongo laini wenye chakula na unyevu, maji ya ziada yanateremka pembeni. Miche ile ilinenepa kuliko miche yoyote niliyoiona chuoni. Siku hizi maofisa wanapokuja kutembelea, nawaambia ni mbinu niliyoibuni baada ya utafiti wa nyanjani, jambo ambalo ni kweli tupu.

Miaka ikapita. Misindano ikanipita kiuno, ikanipita kichwa, ikaanza kuimba upepo ukivuma, na kwetu upepo hauna likizo. Vijana wa mjini wakaanza kuniita Bwana Miti, "mambo Bwana Miti," nami nawajibu "poa" kwa heshima ya cheo. Nilidhani maneno yameisha.

Hayakuisha. Siku moja niliitwa kwenye kikao cha ukoo, na kikao chenyewe kikafanyikia kilimani, chini ya mmoja wa misindano yangu. Baba mdogo alikuwa amevaa koti lake zito la kijeshi. Alisema ana ushahidi kwamba miti yangu haikui, kwa hiyo mbao za nyumba yake hazitapatikana kamwe, kwa hiyo kilima kirudi kwa mbuzi. Akaonyesha kwa fimbo. Kwenye shina kulikuwa na msumari.

"Msumari huu niliupigilia mwenyewe miaka ile, usawa wa kifua changu," alisema. "Leo uko wapi?"

Mwenyekiti wa ukoo, mzee wa maneno machache, akapima kwa macho. "Kifuani kwako," akasema.

"Basi. Ndama akikua, bega linapanda. Mtoto akikua, suruali inapanda. Mti huu umekua nini?"

"Baba mdogo," nikasema, "tazama juu."

"Juu nimeshapatazama. Umejivuta. Hata ugali ukiuvuta unarefuka, lakini haujaongezeka."

Nikaona vichwa vinatikisika. Ugali kila mtu anaujua. Wenye busara walikuwa wanaanza kunitazama kwa huzuni, na mbuzi mmoja alikwishaanza kutafuna kamba ya kiatu changu kama mtu aliyehamia.

Hapo ndipo elimu inapoonyesha thamani yake. Niliwaambia mti si ndama. Ndama hukua mwili mzima kwa pamoja. Mti hurefuka juu tu, kwenye ncha, kama nyumba ya matofali: tofali la tatu litabaki kuwa la tatu hata ukijenga ghorofa. Na mti hunenepa chini ya gome, mahali penye utando mwembamba ulio hai, mbichi, unaoteleza ukiugusa. Utando huo kila mwaka hutengeneza tabaka jipya la ubao juu ya lile la zamani. Nikawaambia wafikirie mtu wa Sumbawanga wakati wa kipupwe. Anavaa sweta. Mwaka unaofuata anavaa sweta jipya juu ya lile la zamani, wala hatoi la kwanza. Mwaka unaofuata tena hivyohivyo. Huo ndio mti.

"Msumari wako hautapanda mpaka mwisho wa dunia," nikasema. "Ila mti unauvalia masweta."

"Maneno ya chuo," akasema baba mdogo.

"Tuache chuo. Msumari huu uliupigilia kwa kazi gani?"

"Kutundika koti nikija kuangalia mbuzi."

"Unatundika?"

Akasita. "Nilikuwa natundika," akasema. "Niliacha urefu wa kidole nje, koti likakaa vizuri. Siku hizi linaanguka. Kuna watoto wanakuja kuugonga uingie ndani, nimeshawalalamikia wazazi wao."

Nilimwachia mwenyekiti. Mwenyekiti alisogea, akagusa msumari kwa kidole. Kilichobaki nje kilikuwa kichwa tu, kimezungukwa na gome lililovimba kama midomo ya mtoto anayemeza dawa.

"Hakuna mtoto aliyeugonga," akasema. "Mti ndio umeufuata."

Ili mambo yaishe kabisa nilileta msumeno nikauangusha mti ule ule, maana ulikuwa umebanana na wenzake na ungepunguzwa tu. Nikakata kipande chenye msumari, nikakipasua katikati. Msumari ulikuwa umelala ndani ya ubao, umenyooka, na pete za miaka zimeupita juu moja baada ya nyingine, upana mweupe wa mvua, ufito mweusi wa kiangazi. Watu walipokezana kipande kile kama mtoto mchanga. Baba mdogo alikitazama muda mrefu kuliko wote.

"Kwa hiyo mti wako ni mwizi," akasema hatimaye.

Nikamwambia msumari ni wake, achukue na ubao wake kama riba. Alichukua. Kilima kikabaki kwangu, ila kwa kuazima bado, maana masharti ya mbao na ya wadai wengine yalikuwa palepale.

Mti ule wa ushahidi ndio ulionipa mazao ya kwanza, na hapo shangazi naye akataka lake. Alitaka mwiko. Nilimshauri asubiri, lakini shangazi hashauriki, alimpa seremala kipande kibichi akachongewa mwiko mrefu, mzuri. Siku aliyousonga nao ugali tulikaa mezani tukanusa, tukatazamana. Ugali ulinukia kama mlango uliopakwa rangi asubuhi. Nilimweleza kwamba ndani ya msindano kuna vijia vidogo vya utomvu, na mti ukijeruhiwa utomvu hutoka kuziba kidonda kama sisi tunavyogandisha damu. Utomvu huohuo watu huugema wakatengenezea rangi na dawa za kusafishia. Shangazi alisikiliza kwa makini, akamega tonge jingine.

"Basi leo tumbo langu litakuwa safi," akasema.

Alimaliza ugali wote kwa kiburi. Mwiko aliugawa kwa jirani ambaye hawakuelewana.

Ndipo nikaanza kupunguza miti kwa mpango. Ule ulionyooka unabaki, uliobanwa unaondoka ili wenzake wapate mwanga. Kila kilichoondoka kilikuwa na kazi yake. Miembamba ikawa mirunda na fito, ile minene nikaipasua mbao, mabanzi ya pembeni yakawa kuni na uzio, hata maranda yakagombaniwa na wafuga kuku. Niliweka mbao zikauke kivulini, zimetenganishwa kwa vijiti hewa ipite, na nilimkataza kila mtu kuzigusa kabla hazijawa nyepesi. Mbao mbichi ni kama kijana mbichi, ukiibebesha paa inapinda. Baba mdogo alikuwa anakuja kila Jumapili baada ya ibada kuzigonga kwa fimbo na kuuliza kama zimekomaa. Nilimjibu nitamwambia.

Nilipomwambia, niliwaita wote siku moja. Nilitaka wanione wakiwa pamoja, ili mmoja asije akasema mwenzake ndiye aliyelipwa vizuri.

Mvuvi wa Kirando alifika wa kwanza na lori dogo la kukodi. Nilimpa mirunda ya kujengea vichanja, ili dagaa wake wakaukie juu hewani badala ya kwenye mchanga. Alipakia huku akiniuliza nyavu zake ziko wapi. Nikamwambia paka walizimaliza. Alicheka mpaka akakaa juu ya mzigo, akasema "mshikaji, hesabu imefungwa," akanipa mkono.

Mfanyabiashara wa Chanji alikuja na suruali yenye mkunjo wa pasi. Nilimrudishia toroli, nimelitengenezea mikono mipya ya mbao laini isiyo na vibanzi, na juu yake nimepanga mbao za rafu za kutosha duka lake lote. Alizipitishia kiganja, akatafuta kasoro, hakuona.

"Hizi za wapi?" akauliza. "Za Mbeya?"

"Za hapo," nikasema, nikaonyesha kilima.

Akakitazama kilima. Akatazama mbao. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la kawaida tu, kama nyingine nitamuuzia kwa bei ya jumla. Nilimwambia nitafikiria, na nilifurahia kufikiria kwangu.

Shangazi nilimrudishia pipa, likiwa limejaa maji, na kitanda kipya cha mbao zilizokauka barabara. Alikinusa kwanza, pande zote nne, kabla hajakikubali. Kisha akalala juu yake palepale uani, mbele za watu, akavuka mikono kifuani, akasema mwanawe amenenepa.

Akabaki baba mdogo. Mafundi walikuwa wamemaliza kupaua asubuhi ile, mabati yanang'aa, na chini yake kenchi zangu, mbao zinazobeba paa, zimekaa kwa safu. Aliingia ndani peke yake. Tulimsikia anagonga kenchi moja baada ya nyingine kwa fimbo, na kila moja ikajibu kwa sauti ile kavu ya ubao uliokomaa, sauti ambayo mimi huithamini kuliko kengele. Alipotoka alimwita mwenyekiti wa ukoo, tukapanda naye kilimani sote watatu kuonyeshana mpaka, jiwe hadi jiwe, kama inavyopasa ardhi inapotoka mkononi mwa mtu.

Tulipofika jiwe la mwisho, mbuzi wake walikuwa wametutangulia. Walikuwa wamesambaa kati ya mashina, na dume moja limesimama kwa miguu miwili, linang'ata gome la msindano mchanga. Nilifungua mdomo kueleza kwamba gome likiliwa kuzunguka shina lote mti unakufa, kwa sababu chakula kinachotoka kwenye majani hushuka kwa njia hiyo. Baba mdogo hakusubiri somo. Aliokota kijiwe, akakirusha.

"Tokeni," akawaambia mbuzi wake. "Hapa pana mwenyewe."

Mbuzi wakamtazama yeye, kisha wakanitazama mimi, wakaanza kushuka.